Kumjua Mungu na Kukua Katika Imani (Dominika ya 10 ya Mwaka A)



Somo la kwanza la Dominika hii limetoka katika kitabu cha nabii Hosea, sura ya 6. Ni somo fupi, aya nne tu, na mara nyingi hupita masikioni mwetu kabla hatujakaa vizuri kwenye mabenchi. Hata hivyo limo ndani yake jambo moja ambalo nabii hakuweza kulinyamazia, nalo ni kumjua Mungu. Anawahimiza watu wake wafanye bidii ya kumjua Bwana, ambaye kuja kwake ni kwa hakika kama kuja kwa mvua. Kisha anawalaumu ya kwamba upendo wao ni umande, jua likichomoza umekwisha. Na mwishoni, akisema kwa niaba ya Mungu mwenyewe, anawajulisha ya kuwa huruma na kumjua Mungu vina thamani kubwa kuliko wanyama wote wanaoteketezwa altareni.

Sisi wa Kagongwa hatuhitaji mfasiri wa maneno hayo. Mji wetu umekua kandokando ya barabara kwa sababu ya mpunga; mashine za kukoboa zinanguruma tangu asubuhi, na malori yanayopakia mchele hapa yanakwenda mbali. Yeyote aliyewahi kuingia katika majaruba anajua ya kuwa umande huwalowesha wapita njia miguu, lakini haujapata kuotesha hata shina moja la mpunga. Mvua ndiyo inayoshuka mpaka mizizini. Upendo wa Waisraeli kwa Mungu wao uliishia juu ya majani.

Yafaa tuelewe ugonjwa ambao Hosea alitaka kuutibu, kwa maana unafanana mno na wa kwetu. Alihubiri katika ufalme wa kaskazini wa Israeli, katika karne ya 8 kabla ya Kristo, muda si mrefu kabla Samaria, mji mkuu wake, haujaangushwa na Waashuru mwaka 722 K.K. Watu wale hawakuwa wameacha dini. Walikuwa na makuhani, walikuwa na sikukuu, na moshi wa sadaka zao ulipanda bila kukoma. Ila mvua ilipochelewa, au mifugo ilipokufa, walikimbilia kwa Baali, mungu wa mvua na rutuba wa Wakanaani. Wala hawakujiona kwamba wanamwacha Bwana. Walijiona wanaongeza ulinzi tu. Katika sura ya 2 ya kitabu hicho Mungu analalamika kama mume aliyesalitiwa: taifa lake halikutambua ya kuwa nafaka, mafuta, fedha na dhahabu vilitoka mkononi mwake, na vitu vilevile wakavipeleka kwa Baali. Angalieni, wapendwa, dhahabu nayo imetajwa.

Sasa tuulize: kumjua Mungu maana yake nini? Katika Kiebrania neno linalotumika ni yada. Ndilo hilo hilo Kitabu cha Mwanzo kinalolitumia kinaposimulia ya kuwa Adamu alimjua Eva mkewe, naye akachukua mimba. Kwa hiyo kujua, kadiri ya Maandiko Matakatifu, si kuwa na habari za mtu. Ni kuungana naye, kukaa naye, kuzoeana naye mpaka moyo wa mmoja uonekane katika matendo ya mwenzake. Kiswahili chetu nacho kinaitambua tofauti hiyo. Mtu akisema anamjua mkuu wa mkoa, huenda ana maana ya kwamba amewahi kumwona katika msafara. Lakini mama akisema anamjua mwanawe, amesema neno jingine kabisa. Usiku watoto kumi wakilia, atamtambua wa kwake kwa sauti, na tena atajua kama kilio hicho ni cha njaa au cha homa.

Hatusemi haya ili kudharau mafundisho ya dini na maswali yake na majibu yake. La hasha! Wamisionari waliofungua Bukumbi mwaka 1883 na Ushirombo mwaka 1891 walishika agizo la Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, ya kwamba mtu mzima akae katika mafundisho muda wa miaka minne kabla ya kubatizwa. Miaka minne! Siku hizi wapo wazazi wanaonung'unika wakiambiwa mtoto ahudhurie mafundisho miezi kadhaa. Lavigerie hakudhani kwamba sala na amri zinahitaji miaka minne ili zikaririwe. Mwenye akili ya kawaida huzikariri kwa muda mfupi. Alijua ya kuwa mtu huhitaji kupitishwa katika mavuno na njaa, katika ugonjwa na msiba, akiwa mikononi mwa katekista wake, ili ionekane atamkimbilia nani. Hapo ndipo panapopimwa kama tunamjua Mungu au tunajua habari zake.

Wazee wetu hawakuwa watu wasio na Mungu. Wasukuma walimtaja Liwelelo, walimtaja Seba, walimtaja Mulungu, na walikiri kwamba ndiye aliyefanya vyote. Mtume Paulo alipofika Athene hakuwatukana watu waliokuwa na altare ya Mungu wasiyemjua, alianzia hapohapo. Nasi tuanzie hapohapo. Lakini yapo mapokeo mengi yanayoonyesha ya kuwa Mungu huyo aliyekiriwa alidhaniwa yuko mbali. Ni mwema, ndiyo, ila hashughuliki na homa ya mtoto huyu wala na ng'ombe huyu aliyepotea. Mambo ya kila siku yaliachiwa masamva, yaani mizimu ya wahenga, na yule aliyeweza kusema kwa niaba yao akalipwa kwa kazi hiyo. Basi, pakawa na nafasi tupu kati ya mtu na Mungu wake, na katika nafasi ile akakaa mpiga ramli.

Injili imekuja kuitangaza habari kwamba nafasi ile haiko wazi tena. Filipo alimwomba Bwana awaonyeshe Baba, naye Yesu akashangaa kwamba amekaa nao siku zote hizo na Filipo hajamtambua, kwa maana aliyemwona Yesu amekwisha kumwona Baba (rej. Yoh 14). Filipo alikuwa mtume. Alikula na Bwana, alitembea naye, alisikia mahubiri yote. Kumbe mtu aweza kukaa ndani ya Kanisa muda mrefu na bado akawa anaabudu Mungu wa mbali, Mungu asiyeshughulika, na kwa hiyo akatafuta msaada wa karibu zaidi mahali pengine. Ndiyo sababu tunakuta rozari na hirizi katika mfuko mmoja. Tusijidanganye kwamba jambo hili ni la wapagani. Makatekista wanaotusikiliza wanalijua kuliko sisi mapadre, kwa sababu wao ndio wanaolala vigangoni.

Katika nchi yetu hii ya dhahabu, kutoka Kahama hadi Bulyanhulu na kuendelea mpaka Geita, jambo hili limekuwa na gharama ya damu. Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kinaeleza kazi ya wachimbaji kana kwamba mwandishi wake alikaa machimboni kwetu. Anasema juu ya watu wanaopenya giza la ardhi kutafuta mawe, wanaochimba mashimo mbali na makao ya watu, wanaoning'inia wakiyumba. Anasema wanaipindua milima tangu mashinani. Halafu anauliza swali linalotunyamazisha: hekima, je, inachimbwa wapi? Kilindi hakina, bahari haina, na dhahabu haiwezi kuinunua. Jibu lake ni kwamba hekima ni kumcha Bwana na kujitenga na uovu.

Kazi ya duara ni ngumu, na haina uhakika. Watu wawili wanachimba jirani kwa jirani, kwa jasho lilelile; mmoja anakutana na mwamba wenye mali na mwingine anatoa mawe matupu mwaka mzima. Rashi ikitokea, vijana wanaacha mashamba na kukimbilia huko, na miezi miwili baadaye wengi wao hawana hata nauli ya kurudi. Mtu akiwa na deni la chakula, deni la wapasua mawe na deni la karasha, moyo wake unataka kujua kwa nini yeye na si mwenzake. Swali hilo si dhambi. Ayubu naye aliuliza. Dhambi inaanzia kwenye jibu analolinunua. Mfa maji haachi kutapatapa, na mpiga ramli anajua mahali pa kumsubiri.

Kuanzia mwaka 2006 na 2007 hivi, katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, walizidi kuuawa ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu watu waliambiwa ya kwamba viungo vyao vinaleta mali katika machimbo na katika uvuvi. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisimamisha leseni za waganga, na Machi mwaka huohuo Serikali ya Rais Jakaya Kikwete iliendesha kura ya siri ili wananchi wawataje waliowashuku. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiwa katika kikao chake pale Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino katika wilaya ya Bukombe. Hukumu ya namna hiyo haikuwa imepata kutolewa nchini kabla ya hapo. (Kanisa halifurahii adhabu ya kifo, tangu mwaka 2018 Katekisimu yetu inafundisha wazi kwamba haikubaliki. Lakini tunakumbuka hukumu ile kwa sababu ilitangaza hadharani, karibu na milango yetu, kwamba damu ya kijana yule ilikuwa damu ya mtu.) Watoto wengi wenye ualbino walilazimika kuondolewa nyumbani kwao na kulelewa katika kituo cha shule ya Buhangija, mjini Shinyanga. Yafaa tuseme waziwazi, maana wapo wasiofundishwa: ualbino ni hali ya kurithi. Mtoto huipata kutoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao wenyewe hawana hali hiyo. Mwilini mwake hamna nguvu ya mali wala nuksi. Kitu kinachomtesa ni jua, ambalo hudhuru ngozi yake na macho yake. Anahitaji kofia, nguo ndefu na kivuli.

Na kabla ya hayo walikuwapo bibi zetu, na bado wapo. Kwa miaka mingi katika Usukuma na Unyamwezi kikongwe mwenye macho mekundu ameitwa mchawi. Fuateni mlolongo wa jambo hilo, wapendwa, mwone ujinga unavyozaa mauti. Tangu miaka ya 1920 na kuendelea, misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuondoa mbung'o. Baadaye pamba na mifugo vikamaliza kilichosalia. Kuni zikawa adimu. Akina mama wakapikia mabua, vijiti vya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na madirisha. Moshi wa miaka hamsini ukaharibu macho. Kisha mtoto wa jirani akafa kwa malaria, mpiga ramli akapasua kuku akatazama matumbo yake, akasema mchawi ni mwanamke mzee, anakaa upande wa machweo, macho yake ni mekundu. Usiku huohuo panga likafanya kazi. Mwanamke aliyeharibu macho yake akiwapikia watoto wake ameuawa kwa sababu ya macho hayo.

Dola imejaribu kwa nguvu, na nguvu nayo ikaleta maafa yake. Katika miaka ya 1970 ilifanyika operesheni dhidi ya mauaji hayo, na baadhi ya waliokamatwa kwa tuhuma wakafia mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Ndiyo sababu Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliachia madaraka mwaka 1977 ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake. Tunalitaja kwa heshima, kwa kuwa viongozi wa namna hiyo si wengi. Sheria ina mahali pake na askari ana kazi yake. Lakini askari hawezi kuingia katika moyo wa Mkristo usiku wa msiba na kumwambia Mungu ni nani.

Hiyo ni kazi ya imani, na hapa tunafika kwenye kiini cha somo letu. Mpiga ramli anafundisha dini kamili, ingawa hana kitabu. Anafundisha kwamba nguvu inayotawala maisha inanunuliwa. Kwamba baraka yako lazima itoke katika hasara ya mwingine. Kwamba msiba wowote una mtu wa kulaumiwa, na mtu huyo ni dhaifu kuliko wewe. Wekeni mafundisho hayo karibu na Msalaba. Pale Kalvari Mungu hakudai damu ya mtu mwingine. Alitoa ya kwake. Hakununuliwa, alijitoa bure. Na watu walipotafuta wa kulaumiwa, alikubali yeye kuwekwa mahali pa mlaumiwa. Anayemjua Mungu huyu hawezi kusadiki, hata kwa saa moja, ya kwamba Mungu ameficha dhahabu yake chini ya maiti ya mtoto.

Lakini tuwe waangalifu. Mtu aweza kuacha ramli na bado akabaki na dini ya mpiga ramli, akiipeleka kanisani. Anatoa zaka, anafanya novena, anawasha mishumaa, kisha analalamika: mbona duara halijatoa? Huyo amebadili mahali pa kulipia tu. Rozari yenyewe inaweza kugeuzwa hirizi, ikavaliwa shingoni na mtu ambaye hajapata kusali hata fumbo moja akimtafakari Mwana wa Maria. Maji ya baraka yanaweza kumwagwa kuzunguka nyumba na mtu ambaye ndani ya nyumba hiyo anampiga mkewe. Kukua kiroho si kuongeza idadi ya ibada. Ni kuachia picha ya uongo ya Mungu iliyomo moyoni na kuipokea ile ya kweli, na kazi hiyo huchukua maisha yote.

Nabii Yeremia, katika sura ya 22, anatupa kipimo ambacho hakina maficho. Anamkaripia mfalme Yehoyakimu, aliyejijengea jumba la mierezi bila kuwalipa mishahara waliomjengea, na anamkumbusha baba yake, mfalme Yosia. Yosia naye alikula na kunywa, nabii hasemi kwamba alijinyima. Ila aliwaamulia maskini na wahitaji haki yao. Na huko, asema Bwana, ndiko kumjua yeye. Tulisikie vizuri neno hilo sisi wenye maduara, wenye karasha, wenye mashine za mpunga na wenye maghala. Kijana aliyeshuka chini kwa kamba asubuhi na kupanda jioni akaambiwa mgao wake umepotea katika hesabu, huyo ndiye swali la mtihani wa dini. Mkulima aliyeleta gunia likapimwa kwa mizani iliyochezewa, huyo pia. Nabii hasemi kwamba haki ni tunda la kumjua Mungu, litakalokuja baadaye tukipata nafasi. Anasema haki yenyewe ni kumjua.

Injili ya leo, kutoka Mathayo sura ya 9, inathibitisha jambo hilohilo. Bwana anamwita Mathayo akiwa ameketi mezani pa ushuru, kazi ya fedha chafu kwa macho ya wote, kisha anakula pamoja na wenzake. Wanaokasirika ni Mafarisayo, watu waliokuwa wakiyajua Maandiko kwa moyo. Na Yesu anawafanyia jambo ambalo kwa walimu ni aibu kubwa: anawarudisha shuleni. Anawaambia waende wakajifunze maana ya maneno ya Hosea juu ya huruma. Walikuwa wameyakariri tangu utoto. Wameyasikia, hawajayajua. Wakati huohuo yule mtoza ushuru, ambaye pengine hakuwa na aya nyingi kichwani, amekwisha kusimama na kumfuata.

Makatekista wametuuliza mara nyingi, na ni swali la haki: tufanye nini ili watu wakue? Tujibu kwa mfano wa nchi yetu. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, wakati ambapo mkoa wetu ulikuwa ukielekea kuwa jangwa. Kwanza watu walipewa miche wapande. Mingine ilikufa kwa ukame, mingine ililiwa na mbuzi. Kilichofaulu kuliko vyote ni desturi ya wazee iitwayo ngitili, yaani kufunga eneo la malisho lisiingiwe na mifugo kwa majira fulani. Watu walipofunga ngitili zao, miti ilichipua yenyewe kutoka katika visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya udongo uliodhaniwa kuwa umekufa. Ngitili zilienea katika mamia ya vijiji, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ekweta ya Umoja wa Mataifa. Kuni zikarudi karibu na nyumbani, na nyuki, na majani ya kuezekea.

Ubatizo umeweka mizizi ndani yetu, nayo haifi upesi. Mkristo aliyekwenda kwa mpiga ramli mara tatu bado ana mizizi ya ubatizo wake. Kinachokosekana ni uzio. Mungu ndiye anayeotesha. Sisi twaweza kufunga eneo. Robo saa ya asubuhi ambayo hakuna simu wala redio (hata redio hii inayotusikizisha ninyi na sisi) na Injili ya siku ikasomwa polepole, mara mbili, hiyo ni ngitili. Saa moja ya jumuiya kila juma ni ngitili. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliziweka jumuiya ndogondogo kuwa nguzo ya uchungaji tangu miaka ya 1970, nao hawakukusudia ziwe mahali pa kukusanyia michango tu. Huko tungeweza kusikilizana: Neno hili linasema Mungu ni wa namna gani, na sisi juma hili tulimchukulia kuwa wa namna gani? Mtu asikimbilie kuhubiri. Asimulie.

Kwa makatekista tunaongeza neno moja la pekee. Mnapowaandaa wakatekumeni, na wale wa kipaimara, msiishie kuuliza Mungu ni nani. Ulizeni pia: mtoto wenu alipougua mara ya mwisho, mlikwenda wapi kwanza, wapi pili, wapi tatu? Ulizeni kwa upole, faraghani, bila kumwaibisha mtu, kwa kuwa mwenye kuaibishwa hujifunza kuficha. Mtapata majibu ambayo hayamo katika kitabu. Tena muwe waangalifu msichanganye mambo. Mzee anayejua mizizi ya kutuliza tumbo anatumia kipaji cha Muumba, na nchi yetu inayo sheria ya tiba asili, ya mwaka 2002, inayomtambua. Kanisa halimkatazi. Kinachokatazwa ni ramli, kutafuta mchawi, na kila tiba inayoanza kwa kumtaja jirani. Na mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Kumpeleka zahanati si upungufu wa imani. Baba anayetujua ndiye aliyewapa watu akili ya kutengeneza dawa.

Mtume Paulo anawaandikia Waefeso, sura ya 4, ya kwamba sote tunakwenda kuufikia umoja katika kumjua Mwana wa Mungu, hata tuwe watu wazima, tusiwe tena watoto wanaorushwa na kila upepo wa mafundisho. Upepo huo katika nchi yetu haukosekani. Leo unavuma kutoka kwa mpiga ramli, kesho kutoka kwa mhubiri wa barabarani anayeuza mafuta ya utajiri. Wote wawili wanauza bidhaa moja. Mtu mzima katika imani huwatambua kwa bei: wakishataja bei ya baraka ya Mungu, anajua kwamba huyo wanayemtaja si yule anayemjua.

Tunaziomba jumuiya zote za Kagongwa na vigango vya jirani zisome juma hili Ayubu sura ya 28 yote, bila kuruka, na baada yake Hosea 6, aya ya 3 hadi ya 6. Mkutano usifanyike katika nyumba iliyozoeleka. Ufanyike kwa bibi au babu anayekaa peke yake, ambaye watoto wamekatazwa kupita mlangoni kwake. Atakayetangulia apeleke kuni na maji, wenye mabenchi wabebe mabenchi, na watoto waje pia.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Tumsifu Yesu Kristo.